Ng'ambo ya Benchi

Mwanangu Faraja,

Mama yako ananicheka tangu saa nane mchana. Anasema hajawahi kuona mtu akimwandikia barua ndefu mtoto anayehamia Njombe, mahali ambapo ukipandia gari hapa Makambako, karanga ulizonunua stendi hazijaisha umeshafika. "Angekuwa anakwenda Ulaya ungeandika kitabu," ananiambia. Nimemwacha acheke. Wewe umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, yeye yuko jikoni anakukaangia maandazi ya safari ya mwendo wa saa moja, na mimi nimejifungia karakana, nimekaa juu ya rundo la mbao za paini na daftari la vipimo magotini. Ukungu umeshuka mapema leo. Nikitazama dirishani siioni hata nyumba ya jirani. Naona weupe tu, na sauti za watu wa mtaa wetu wa Lyamkena zikipita ndani yake bila wenyewe kuonekana.

Sitakuambia uvae sweta, baridi ya Njombe unaijua. Sitakuambia namna ya kuishi na mafundi wanaume, maana umekulia katikati yao na wengi umewashinda kwa vipimo. Nina jambo moja tu, nalo ni la msumeno. Lakini lina mkia mrefu, na mdomo wangu haujaweza kulitoa tangu Jumamosi, ndiyo maana nimeipa kazi kalamu.

Unakumbuka tulivyokwenda dukani kukutafutia msumeno wa umeme, ule wa kushika mkononi wenye diski ya meno inayozunguka, kwa sababu kule Njombe unakokwenda kazini fundi mkuu amesema kila mtu aje na wake. Mimi nilishaamua kabla hatujatoka nyumbani. Nilitaka unaofanana na wangu wa zamani, diski upande wa kulia, mota upande wa kushoto. Nilijiambia, binti yangu ni mashoto, na mashoto akiushika msumeno wa namna hiyo diski inakuwa upande wa macho yake, anauona mstari wote. Nilijiona baba mwenye busara kweli. Nilisimama kaunta nikaweka mkono juu ya boksi kana kwamba nimekwisha lipa.

Yule mama muuzaji, mwenye kofia nyekundu ya sufu, akakuuliza wewe badala ya kuniuliza mimi.

"Unatumia mkono gani, dada?"

"Kuandika, wa kulia," ukasema. "Kula, wa kulia. Msumeno ndiyo nashika kwa kushoto."

"Mbona hivyo?"

Ukacheka kidogo. "Ndivyo baba alivyonifundisha, mama."

Nikadakia kwamba hapana, mimi nakata kwa mkono wa kulia tangu nilipoanza kazi. Ukanigeukia kwa upole, ukaniambia, "Baba, pale ulipokuwa unasimama wewe ni kulia. Pale nilipokuwa nasimama mimi ni kushoto."

Hukulisema kwa ubaya. Ulilisema kama mtu anayetaja upande jua linakotokea. Mama muuzaji akatutazama mmoja baada ya mwingine, akainama, akatoa boksi la pili lenye msumeno ambao diski yake iko kushoto, akaliweka kando ya lile la kwanza.

"Basi huyu si mashoto, mzee," akasema. "Huyu ni kioo."

Nikakwambia kichwa kinaniuma, tukaondoka bila kununua. Kichwa hakikuwa kinauma, mwanangu. Nilikuwa naiona ile miaka yote ikigeuka upande wa pili, na nilitaka hewa.

Nikakuona una miaka minne, umesimama ng'ambo ya benchi, kidevu chako kimefika ukingoni. Mimi niko upande huu, msumeno mkononi. Wewe umeshika kipande cha papi, ule ubao mwembamba wa paa, unakisukuma juu ya ubao wa kufikirika, unaguna kama mota. Mkono wangu wa kulia ukienda, na wako wa kushoto unaenda, kwa sababu huo ndio uliokuwa unatazamana na wangu. Nyundo hivyohivyo, randa hivyohivyo. Nami nikawa nawaambia mafundi wenzangu kwa majigambo, binti yangu ni mashoto, tazameni alivyo mwepesi.

Unajua nilikwenda mpaka shuleni? Hujui, nilimkataza mwalimu asikwambie. Ulikuwa darasa la kwanza, nikakukuta unaandika kwa mkono wa kulia, nikajua tu wamekulazimisha. Nikavaa koti langu la harusi nikaenda kumkabili mwalimu wako. Nikamwambia, mwalimu, mtoto wangu ni mashoto, naomba mkono wake uachwe. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, huyu hajaguswa na mtu. Alishika penseli mwenyewe siku ya kwanza." Sikumwamini. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwamba nimekupigania. Kumbe mwalimu alikuona kwa siku moja, na mimi nilikutazama miaka bila kukuona.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikukunja nikadhani ndivyo ulivyozaliwa.

Sasa utauliza, kwa nini hukunisogeza upande wako, baba? Watoto wa mafundi wote wanasimama ubavuni mwa baba zao. Mimi nilikuwa na neno moja tu kwako tangu unaanza kutembea: "Simama kule, mbele yangu, nikuone." Ukisogea hatua moja kuzunguka benchi, nilizima msumeno. Kuna siku ulilia. Ulisema baba hanitaki karibu. Mama yako alikubeba akakutoa nje, na wala hakunisemea neno la kunitetea, ingawa alilijua.

Nimekuwa nikiota tangu Jumamosi. Tuko karakana hii hii, lakini benchi limerefuka pande zote mbili, limepotelea kwenye ukungu huku na huku. Wewe uko ng'ambo. Nikiinua mkono, nawe unainua. Nataka kuzunguka nije ulipo, natembea kufuata ukingo wa benchi, nawe unatembea ng'ambo sawasawa na mimi, na ukingo hauna mwisho. Vumbi la mbao linaanguka polepole kati yetu, jeupe, wala hakuna msumeno unaonguruma. Nikiamka nakuta nimekunja mkono wa kulia.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Nilipokuwa mtoto kule Ipelele, babu yako alikuwa mpasuaji mbao wa shimoni. Gogo linalazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu, mmoja chini, wanavuta msumeno mrefu juu na chini siku nzima. Asubuhi zenye ukungu nilipelekwa na viazi vyao, nikawa nasikia msumeno kabla sijawaona, na nikifika nilimwona mmoja tu, yule wa juu. Babu yako alikuwa wa chini. Alitoka shimoni mchana nyusi zake nyeupe kabisa, macho mekundu. Wa juu ndiye aliyeuona mstari, wa chini alivuta tu na kula vumbi. Sikumbuki tena kama niliyaona haya kweli mara nyingi au mara moja tu, nikayarudia usingizini. Nakumbuka niliapa kwamba mimi nitakuwa mtu wa kuona mstari.

Basi nilipokuja Makambako na kupata msumeno wangu wa kwanza wa umeme, nilifurahi mno. Hakuna shimo, hakuna wa chini. Sikuuliza diski iko upande gani. Nani angeuliza? Msumeno ulikuwa msumeno. Nikaushika kwa kulia, mota ikakaa kati ya macho yangu na diski, na mstari nikawa siuoni. Ningeweza kujifunza kuinama, ningeweza kupiga ubao wa mwongozo, ningeweza kutafuta wenye diski kushoto. Nikachagua njia ya mkato. Nilimwita mama yako.

Alisimama upande wa kulia, upande wa diski, akawa macho yangu. "Kulia kidogo," alikuwa ananiambia. "Sawa. Kushoto kidogo. Nenda." Tulikuwa wapya kwenye ndoa na tuliona ni raha, tunakata kenchi za paa kama tunaimba sauti mbili. Vumbi lote lilimwendea yeye. Jioni nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za babu yako, na mimi niliyeapa sikukumbuka hata kidogo. Nilichofanya mimi ni kubonyeza swichi.

Ukazaliwa wewe. Kazi zilikuwa nyingi, akarudi karakana na wewe mgongoni.

Na kuna kitu kingine cha kijinga. Ule mfuniko wa chini, unaojirudisha wenyewe kufunika diski ukimaliza kukata, ulikuwa unakwamakwama kwenye mbao mbichi. Mafundi wenzangu wote walikuwa wanaufunga kwa juu kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, usiwasumbue. Nami nikafunga. Hakuna aliyenilazimisha. Ilionekana ndiyo dalili ya fundi mzoefu, mtu asiye na mpira pale alichekwa kuwa ni mwanafunzi.

Siku yenyewe haikuwa na kitu. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Ubao ulikuwa mbichi, nikiwa katikati ya mkato ukabana diski, na msumeno ukaruka. Uliruka kunirudia, ukapinda kwa kulia, diski wazi, inazunguka, kwa sababu mfuniko ulikuwa umefungwa mpira. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu anachana karatasi. Nikaachia swichi. Mama yako alikuwa amesimama palepale. Pembe ya mbeleko iliyokuwa inaning'inia nyongani mwake haikuwepo. Palepale pembeni mwa pale ilipokatika, mguu wako ulikuwa unaning'inia, umevaa soksi ya njano. Kati ya soksi na mahali pale pangeingia vidole vitatu. Nilipima, baadaye, kwa vidole vyangu. Wewe ulikuwa umelala.

Mama yako alisema, "Fungua huo mpira." Ni hayo tu. Sijawahi kuogopa sauti kama nilivyoiogopa ile, na haikuwa ya juu. Nikaufungua, nikautupa chooni. Yeye akakushusha, akakagua kidole kimoja kimoja, cha mguu na cha mkono, akakupandisha tena mgongoni, akaenda ndani kupika. Hakusimama tena upande ule.

Sasa unakijua kile kiraka cha kijani kwenye mbeleko ya bluu, kile ulichokuwa unauliza utotoni, na tukakujibu kwamba panya alitafuna. Faraja, panya ni mimi.

Nimelibeba jambo hili umri wako wote. Mwanzoni nilinyamaza kwa aibu, baadaye nikanyamaza kwa sababu nilishanyamaza. Nilidhani nimejifunza. Kumbe hofu ilinifundisha nusu ya somo. Iliniambia, mtoto asikae upande wa diski, na hapo ilisema kweli. Haikuniambia kwamba ipo sehemu ya kusimama nyuma yangu, upande wa kushoto, salama, ambako ungeona mkono wangu kama wako. Ningezima msumeno wa umeme, nikachukua ule wa mkono, nikakushika kiganja. Sikuwaza hayo. Nilikuweka mbali, nikaiita mbali hiyo malezi.

Nimekuwa nikikutazama ukikata wiki hii, wewe ukidhani naangalia mbao. Kitufe cha usalama cha msumeno wangu kimewekwa kwa ajili ya kidole gumba cha mtu wa mkono wa kulia. Wewe unazungusha kidole cha pili, unakibonyeza kwa pembeni kama mtu anatoa mwiba. Miaka yote nimeona pale ufundi, leo naona taabu. Lakini pia naona jicho lako likiufuata mstari mwanzo mpaka mwisho, bila mtu wa kukwambia kulia kidogo. Kwa kunigeuza, ukapata kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nacho na msumeno uleule. Vumbi linakupiga usoni, kweli. Kwenye misumeno hii upande wa mstari ndio upande wa vumbi, ukiuona mstari na vumbi linakuona. Shimoni watu wawili waligawana, mmoja hiki, mmoja kile. Nimekuja kuamini kwamba mtu anayepaswa kula vumbi ni yule anayeuona mstari, na kama hauoni, asimsimamishe mwingine pale. Ni hilo tu nililolipata kwenye ufundi wangu wote, na nimechelewa kulipata.

Kwa hiyo sijui mkono wako ni upi. Kuna uliozaliwa nao na kuna ulioupata ng'ambo ya benchi, na wa pili umeshakuwa na sugu zake. Mama yako nilipomweleza juzi alisema, "Usimchagulie tena. Mkinga kama wewe ukimwacha karibu na duka atamchagulia hata maiti sanda." Wabena wa Kidugala wana midomo, lakini amesema kweli. Usiuchague wa kushoto kwa kunihurumia, wala wa kulia kwa kunikomoa. Kule Njombe, juu ya mapaa, na mtakapoteremka Ludewa kuezeka mashule ya huko ziwani, hakutakuwa na mimi wala huruma. Kutakuwa na ubao, na mkono, na vidole vyako kumi ambavyo mama yako alivikagua.

Jana nilirudi dukani peke yangu. Yule mama wa kofia nyekundu akaniona tangu mlangoni, akanisalimu, "Kamwene, mzee wa kichwa." Nikaona haya. Nikamwomba aniruhusu nichukue misumeno yote miwili, ujaribu, nirudishe mmoja. Akasema sharti msumeno huo urudi bila chembe ya vumbi. Nikamwambia, mama, bila vumbi atajaribuje? Akasema, "Basi uufute vizuri." Yote iko hapa chini ya turubai ninavyoandika. Nimehakikisha mifuniko yake inajirudisha vizuri. Nimeifungua na kuiachia mara nyingi, mpaka mama yako akaniita nje akauliza kama napiga makofi.

Kwenye bahasha hii utakuta kipande cha kitambaa cha bluu chenye ukingo uliochanika. Ndicho kile. Nilikiokota kwenye vumbi siku ile nikakificha kwenye kopo la misumari, na tulipohama mtaa wa Ubena kuja huku Lyamkena nikahama nacho. Si hirizi. Kitumie kufutia vumbi machoni, na siku mtu akikwambia mafundi wa kweli hufunga mfuniko kwa mpira, mwonyeshe.

Gari lako ni kesho saa nne asubuhi. Saa moja na nusu uje karakana. Nimelaza ubao wa paini juu ya benchi na kuuchora mstari, sijaugusa. Uanze na msumeno unaotaka, kwa mkono unaotaka, halafu ujaribu na mwingine. Mama yako atakuwa mlangoni, amesema anataka kuona. Nami sitasimama mbele yako. Nitazunguka benchi, nije nyuma yako, upande ambao diski haipo, karibu kiasi cha kusikia unavyopumua. Mimi nilimwita mtu anisomee mstari. Wewe hutanihitaji. Nitakuwa nimesimama tu hapo, na sitasema kulia, wala sitasema kushoto.

Ni mimi, wa ng'ambo,
Baba yako